Umegongwa na gari au umeumwa na mbwa Lubumbashi? Mwongozo kamili wa kudai fidia

Kabla jua halijatoka, barabara ya Kasenga imekwisha kujaa wachukuzi wa makala, yaani mkaa. Kila mmoja anasukuma kinga yake, baiskeli kwa wasomaji wasio wa Katanga, ikiwa na mifuko mirefu kuliko yeye mwenyewe. Nyuma yake taxi-bus inakimbilia abiria wa kwanza. Pembeni kuna lupango, yaani uwanja wa nyumba, wenye geti lililoachwa wazi, na mbwa anayejua kwamba saa hiyo sentinele, mlinzi wa geti, amesinzia. Tuseme mbwa anatoka mbio, mchukuzi anakwepa, taxi-bus inamgonga. Mguu umevunjika, kinga imepinda, makala yametapakaa na watu wameanza kuyaokota.

Tutafuata ajali hii ya mfano toka mwanzo mpaka mwisho, maana ina gari, kinga na mbwa kwa pamoja. Kesi nyingi nilizoona zikipotea hazikupotelea mbele ya hakimu. Zilipotelea katika siku mbili za kwanza kwa kukosa karatasi, au siku ile majeruhi aliposaini "arrangement", karatasi ya mapatano, mguu ukiwa bado kwenye plasta.

Sheria inayokulinda

Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya Kongo ni cha zamani sana, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, lakini ndicho kinachotumika mpaka leo. Kifungu cha 258 kinasema kwamba mtu akimletea mwenzake hasara kwa kosa lake, ni lazima airekebishe. Cha 259 kinaongeza uzembe na kutokuwa mwangalifu. Cha 260 kinakufanya uwajibike pia kwa watu walio chini yako na kwa vitu unavyovitunza: patron kwa mfanyakazi wake, mwenye gari kwa gari lake. Cha 261 ni cha mbwa, ng'ombe, mbuzi na mnyama mwingine yeyote. Mwenye mnyama, au anayemtumia wakati huo, anajibu kwa hasara aliyoileta, hata kama mnyama alipotea au alitoroka.

Soma tena maneno hayo ya mwisho. "Alikata mnyororo" si jibu mbele ya kifungu cha 261. "Sentinele alisahau geti" pia si jibu.

Upande wa jinai, vifungu vya 52 hadi 54 vya sheria ya adhabu vinahusu kuua au kujeruhi bila kukusudia. Kuua bila kukusudia kunaadhibiwa kwa kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili pamoja na faini. Kujeruhi, kifungo cha siku nane hadi mwaka mmoja, au faini, au vyote viwili. Kumbuka ule mwaka mmoja. Tutaurudia, kwa sababu unaficha mtego mbaya kuliko yote katika mwongozo huu.

Hatua ya 1: Pale pale barabarani

Mtu kwanza. Usimwinue majeruhi kwa kumvuta mikono na kumtupa nyuma ya moto, yaani pikipiki. Kama shingo au mgongo vimeumia, hapo ndipo ulemavu unapoanza. Mlaze, zuia damu kwa kitambaa safi, tafuta gari ambamo anaweza kulala. Aliyepiga kichwa chini na sasa anatapika, anasinzia au anarudiarudia swali moja, apelekwe hospitali hata kama hana kidonda.

Majeruhi hawezi kukusanya ushahidi, kwa hiyo kazi hii ni ya ndugu, jirani au mchukuzi mwenzake. Piga picha za simu kabla magari hayajasogezwa: kwanza kutoka mbali, nyumba na barabara vionekane, kisha karibu. Nambari ya plaki, mbele na nyuma. Karatasi ya asiransi, yaani bima, kwenye kioo, isomeke jina la kampuni na tarehe ya mwisho. Alama za matairi, vioo vilivyovunjika, mahali kinga ilipoangukia. Kama shofere analazimika kusogeza gari, chukua kipande cha makala uchore chini mahali matairi manne yaliposimama. Makala hayakosekani kwetu.

Piga picha ya usukani pia. Kongo tunaendesha upande wa kulia, lakini taxi-bus nyingi na kamiyo, yaani malori, za kutoka Zambia na Tanzania zina usukani wa kulia. Shofere wa namna hiyo anakaa upande wa majani. Akitaka kupita kamiyo iliyo mbele yake, haoni kinachokuja mpaka awe amekwisha kutoa nusu ya gari. Hakimu hawezi kulijua hilo kama hakuna mtu aliyeandika.

Kisha mashahidi. Jina, simu, mtaa, na sentensi moja ya alichokiona. Usichukue ndugu zako peke yao. Mama anayeuza mikate ya asubuhi kwenye kona ana uzito kuliko kaka zako watatu, kwa sababu hana faida yoyote katika kesi.

Neno moja kuhusu umati. Hasira naielewa, lakini gari likichomwa, karatasi za asiransi zinaungua nalo, na shofere aliyepigwa mpaka kuzimia anageuka kuwa mlalamikaji. Nimeona familia ya majeruhi ikilala kasho, mahabusu ya polisi, na mwenye gari akirudi nyumbani. Kama shofere anaogopa kupigwa, mwache aende moja kwa moja polisi, lakini baki na plaki, picha na jina lake. Akipotea kabisa, kukimbia baada ya ajali ni kosa lingine juu ya lile la kwanza, na liandikwe kwenye PV, ripoti rasmi ya polisi.

Hatua ya 2: Hospitali, na kama ni mbwa, sabuni kwanza

Kwa mvunjiko au kidonda kikubwa, hospitali ya Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu ndizo zinazojulikana, lakini kituo cha karibu kinatosha kwa kuanzia. Sema wazi kwa daktari: "Ni ajali ya barabarani, tarehe fulani, saa fulani." Faili ya hospitali ikiandikwa "ameanguka", utapigana na neno hilo miezi mingi.

Kuumwa na mbwa kuna haraka yake. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mtu anakufa karibu kila mara. Kabla ya dalili, kinazuilika. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu, tazama saa. Usipake mafuta ya breki, majani wala unga wa betri, hata kama bibi wa jirani anaapa. Kisha nenda ukaulizie chanjo siku hiyo hiyo. Sindano hutolewa kwa ratiba: siku ya 0, ya 3, ya 7, halafu ya 14 au ya 28 kadiri daktari atakavyopanga. Kidonda kirefu, hasa cha kichwani, usoni au mkononi, kinaweza kuhitaji pia dawa nyingine inayodungwa ndani na kuzunguka kidonda chenyewe. Uliza pia pepopunda.

Na mbwa mwenyewe? Mtaa utataka kumuua. Zuieni. Mbwa aliyefungwa na kulishwa kwa siku 10 akabaki mzima hakuwa na kichaa cha kuambukiza siku ile alipouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Mbwa aliyeuawa na kutupwa hawezi kuwaambia lolote. Hapa dawa na kesi vinakwenda pamoja, maana mbwa aliye hai kwenye mnyororo wa bwana fulani ni ushahidi kwamba ni wake. Omba kadi ya chanjo ya mbwa. Kama haipo, ishuhudiwe kwamba haipo.

Tunza kila karatasi: ordonansi ya daktari, risiti ya famasi, faktiri ya picha ya mfupa, hata ya teksi ya kwenda kufungwa bandeji. Risiti bila muhuri na tarehe ni karatasi tu. Nunua faili ya plastiki na weka mama mmoja wa nyumbani kuwa mlinzi wake. Mgonjwa mwenyewe hupoteza vitu.

Hatua ya 3: Polisi na PV

Kwa gari, waite polisi wa barabarani, wale tunaowaita rulaje. Kwa mbwa peke yake, nenda kwenye komisaria ya mtaa au moja kwa moja parke, ofisi ya mwendesha mashitaka. Unachohitaji ni prose-verbali ya ushuhuda, yaani PV, yenye mchoro wa mahali, majina ya wote, nambari ya plaki, jina la mwenye gari (si la shofere peke yake), asiransi na nambari ya mkataba wake. Soma kabla ya kusaini. Kama hujui Kifaransa, omba usomewe kwa Kiswahili. Ukiona limeandikwa jambo ambalo hukulisema, liache lifutwe mbele yako. Saini yako ndiyo itakayosomwa mahakamani.

Unaweza kuombwa pesa ya karatasi au ya mafuta ya kuja mpaka mahali pa ajali. Kama utatoa, andika kiasi, siku na jina. Si kwa ajili ya ugomvi. Ni kwa ajili ya hesabu yako.

Mwombe opije, afisa wa polisi wa upelelezi, aandike rekizisyo, ombi rasmi la uchunguzi, kwa daktari. Kwa karatasi hiyo daktari anatoa ripoti inayoeleza majeraha, siku ambazo huwezi kufanya kazi, na baadaye kiwango cha ulemavu uliobaki. Cheti unachonunua mwenyewe kinakubaliwa, lakini upande wa pili utasema umeandikiwa na rafiki.

Shofere anaweza kukamatwa, lakini katiba, kifungu cha 18, haiwaruhusu polisi kumshikilia zaidi ya saa 48 bila kumpeleka mbele ya mwenye mamlaka. Kwa hiyo usishangae ukimwona siku ya tatu akiendesha tena. Hajaachiwa huru katika kesi. Ametoka kasho tu. Na kama amelipa faini polisi au parke, faini ni ya serikali. Fidia yako bado iko mezani, hata kama mtu anakuambia "ilisha", yaani imekwisha.

Faili ikifika parke inapewa nambari inayoanza na RMP. Ikifika mahakamani inakuwa RP kwa jinai au RC kwa kiraia. Ziandike ukutani nyumbani kama unavyoandika nambari ya kaunta ya umeme ya SNEL. Ukienda kwenye grefe, ofisi ya karani wa mahakama, bila nambari utaambiwa rudi kesho, na kesho utaambiwa hivyo hivyo.

Hatua ya 4: Nani hasa wa kumdai

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa kumshika shofere peke yake. Shofere wa taxi-bus ana nini? Simu, viatu na deni la versement, pesa anayompelekea mwenye gari kila jioni. Ukishinda dhidi yake, unashinda karatasi.

Rudi kwenye ajali yetu. Kwanza shofere, kwa kosa lake: mbio, simu mkononi, breki mbovu. Pili mwenye gari, kwa kifungu cha 260. Atasema: "Mimi nampa gari tu, yeye ananiletea versement jioni, namna ya kuendesha si yangu." Usikubali jibu hilo kirahisi. Kadi ya pinki, ile ya usajili wa gari, ina jina la nani? Nani anachagua shofere, nani anamfukuza, nani anatengeneza breki? Lete mashahidi wa parkingi wanaojua gari lile ni la nani. Tatu kampuni ya asiransi. Asiransi ya uwajibikaji wa kiraia kwa magari ni ya lazima tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, na kanuni ya asiransi ya tarehe 17 Machi 2015 ikalifungua soko ambalo kabla yake lilikuwa la SONAS, shirika la serikali, peke yake. Leo kuna kampuni za binafsi pia, kwa hiyo usidhani kila faili ni ya SONAS. Soma jina kwenye kioo. Kampuni ikikuchezea, kuna mamlaka ya kusimamia asiransi inayoitwa ARCA, na malalamiko ya maandishi yanapokelewa huko.

Kwa kamiyo ya Zambia au Tanzania inayokwenda Kolwezi kupakia shaba, uliza kadi ya manjano ya COMESA. Ndiyo asiransi inayovuka mpaka, na nambari yake ni lazima iingie kwenye PV kabla kamiyo haijafika mpakani Kasumbalesa. Ikishavuka na hujaiandika, utaitafuta mpaka uchoke.

Kwa moto, mambo ni magumu. Manseba, yaani waendesha moto za abiria, wengi hawana asiransi. Hapo wa kumdai ni manseba pamoja na mwenye moto, kama si yake mwenyewe.

Nne, mwenye mbwa. Lupango ukiwa umepangishwa, anayejibu ni mwenye mbwa, si mwenye nyumba. Kama mbwa ni wa kampuni ya ulinzi, kampuni ndiyo inayomtumia. Sentinele mwenyewe mwite kama shahidi. Kumdai mtu wa mshahara ule ni kupoteza muda. Jibu utakalosikia kila mara ni "si wangu, ni mbwa wa mtaa". Basi thibitisha: nani anampa chakula, anaingia geti gani usiku, ana jina gani na nani anamwita nalo. Piga picha ya kibao cha "Chien méchant" kwenye geti. Wenye mbwa hufikiri kibao kinawalinda. Kibao kinaweza kuwasaidia kwa mtu aliyeruka ukuta. Kwa mtu aliyeumwa barabarani, kibao ni ungamo: alijua mbwa ni mkali, na bado aliacha geti wazi.

Mbwa si lazima awe ameuma. Mchukuzi wetu hakuguswa hata jino. Kifungu kinasema hasara iliyoletwa na mnyama. Kumkimbiza mtu mpaka akaingia mbele ya gari ni hasara iliyoletwa. Shofere atamlaumu mbwa, mwenye mbwa atamlaumu shofere, na kila mmoja atakuomba umwache. Usimwache hata mmoja. Waite wote, na omba wahukumiwe kulipa kwa pamoja, kila mmoja kwa yote, ili wagawane wenyewe baadaye.

Kisha jiangalie na wewe. Ulikuwa na taa? Ulikuwa kulia? Ulimchokoza mbwa kwa fimbo? Ulikuwa na breki, au kandambili kwenye tairi? Kosa la majeruhi linaweza kupunguza fidia, na likiwa ndilo sababu peke yake linaweza kuifuta. Usilifiche kwa wakili wako. Na wachukuzi wanaosoma hapa: ukanda wa kung'aa nyuma ya mfuko wa makala unagharimu kidogo sana, na saa kumi za alfajiri ndio ushahidi wako wa kwanza kwamba ulionekana.

Ukiumia ukienda kazini au ukirudi, na una patron anayelipa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ajali ya njiani inahesabiwa pia upande huo kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Mwambie patron mapema aandike tangazo la ajali.

Hatua ya 5: Hesabu ya hasara

Hakimu wetu mara nyingi hukata fidia kwa usawa wa busara yake mwenyewe. Maana yake ni kwamba asiyeleta hesabu anapewa kidogo.

Andika karatasi yenye mafungu. Matibabu yaliyolipwa, na yatakayokuja: kuondoa vyuma mguuni, mazoezi, magongo. Vitu: kinga, mifuko ya makala, simu, nguo. Mapato yaliyopotea. Ulemavu. Maumivu na huzuni, ambayo nayo ina fidia yake.

Mapato ndiyo yanayotushinda, kwa sababu mchukuzi hana karatasi ya mshahara. Lakini mtu asiye na karatasi bado ana mashahidi. Mama wa depo anayenunua makala yake kila juma aandike: anachukua mifuko mingapi, kwa bei gani, tangu lini. Mwenzake wa safari athibitishe wanakwenda mara ngapi. Toa gharama za kuyanunua porini na vizuizi vya njiani. Hesabu isiyotoa gharama inafanya hakimu asikuamini hata pale unaposema kweli. Zidisha kwa siku ambazo daktari amesema huwezi kufanya kazi. Hesabu ndogo iliyo wazi inashinda "dola elfu hamsini" iliyotupwa hewani.

Kama mtu amefariki, familia isizike bila cheti cha daktari kinachotaja sababu ya kifo. Mjane, watoto na wazazi aliowalisha wanadai kila mmoja hasara yake, na karatasi za ndoa na za kuzaliwa zinaanza kutafutwa mapema, maana ndizo zinazochelewesha kuliko kitu kingine.

Hatua ya 6: Barua, kisha mazungumzo

Andika barua kwa mwenye gari, kwa asiransi na kwa mwenye mbwa. Tarehe, mahali, nambari ya PV, hesabu, na siku unazowapa kujibu, 15 zinatosha. Peleka nakala mbili, moja irudi na muhuri wa mapokezi. Barua isiyo na muhuri haikupelekwa.

Kuelewana si vibaya. Kesi ni ndefu, na mzee wa mtaa mwenye busara anaweza kumaliza kwa mchana mmoja jambo ambalo mahakama ingelibeba miaka. Ila kuna sharti moja: usimalize kabla mwili haujamaliza. Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, wa Katuba aliumwa na mbwa kwenye shavu la mguu. Mwenye mbwa alikuja na soda, samahani na dola 20, na karatasi ya mstari mmoja: nimelipwa, sidai tena kitu. Wote tulisifu heshima ya bwana yule. Juma la tatu kidonda kilioza, akalazwa, na kila tulipogonga geti lile tulionyeshwa mstari ule mmoja.

Ukipewa pesa leo, ipokee kama msaada wa dawa. Andika hivi: "Nimepokea kiasi fulani kwa matibabu ya kwanza. Malipo haya si ya mwisho. Hasara nyingine zitahesabiwa daktari atakapotoa ripoti ya mwisho." Mtu anayekataa kusaini maneno hayo amekuonyesha alichokuwa anakitafuta.

Hatua ya 7: Mahakama, na ule mwaka mmoja

Mahakama ya amani, Tripaix kama tunavyoiita, inasikiliza makosa ya jinai ambayo adhabu yake haizidi miaka mitano, kwa hiyo ajali hizi zinaingia hapo. Una njia tatu.

Ya kwanza, parke inapeleka faili na wewe unajitangaza kuwa partie civile, upande unaodai fidia ndani ya kesi ya jinai. Ni rahisi kwa pesa, lakini unategemea mwendo wa parke. Ya pili, unamshitaki wewe mwenyewe moja kwa moja, citation directe: unamwita shofere kama mshitakiwa na mwenye gari kama anayewajibika kiraia. Hii ndiyo ninayoipendelea pale faili inapolala. Ya tatu, kesi ya kiraia kwa vifungu vya 258 hadi 261. Ni nzuri hasa kwa mwenye mbwa, kwa sababu huhitaji kuthibitisha kwamba ametenda kosa la jinai.

Sasa mtego. Kwa sheria yetu ya adhabu, kosa ambalo kifungo chake hakizidi mwaka mmoja linakufa baada ya mwaka mmoja. Kujeruhi bila kukusudia ni kosa la namna hiyo. Ukigongwa tarehe 10 Machi, ukakaa ukisubiri "parke itaniita", kisha ukaja na citation yako Aprili ya mwaka unaofuata, shofere ataomba jinai ifungwe, na anaweza kushinda. Vitendo vya upelelezi vilivyofanywa ndani ya muda vinaukata na kuuanzisha upya, ndiyo sababu nambari ya RMP na tarehe za kuhojiwa ni muhimu. Kwa kifo, muda ni miaka mitatu. Njia ya kiraia ina muda mrefu zaidi, lakini mashahidi hawana; mama wa mikate atahamia Likasi.

Kama huna pesa ya wakili, shirika la mawakili lina ofisi ya ushauri wa bure, kwa sheria ya mwaka 1979. Uliza kwenye jengo la Mahakama ya Rufaa. Kutoka ofisi ya huduma za jamii ya komini omba hati ya umaskini. Inaweza kukusamehe gharama za grefe. Fika na faili yako ya plastiki imepangwa kwa tarehe. Wakili wa bure ana watu wengi mlangoni, na hatakataa faili iliyokwisha kupangwa.

Siku ya kusikilizwa, fika kabla ya saa tatu, hata kama kesi itaitwa saa nane. Jibu ulichoulizwa. Kama hukuona kasi ya gari, sema hukuiona. Rufaa ya jinai ina siku 10, ya kiraia siku 30. Huziongezi kwa kuwa ulikuwa mgonjwa.

Hatua ya 8: Kupata pesa yenyewe

Hukumu haijilipi. Omba nakala kwenye grefe. Kuna asilimia ya fidia inayolipwa hapo, uliza kiasi kabla ya kuahidi familia kitu. Kisha huissier, afisa wa kutekeleza hukumu, anaipeleka rasmi kwa waliohukumiwa. Asiransi hulipa kwa faili iliyokamilika: hukumu, hati ya huissier, kitambulisho, akaunti ya benki yenye jina lako hasa, si la mjomba. Mwenye mbwa akisema hana, huissier anaweza kukamata mali yake. Anza na gari lililo uani mwake, na umpe huissier nambari yake ya plaki siku hiyo hiyo ya hukumu, kabla halijabadilishwa jina.